Upande wa Taa

Jina lake halisi lilikuwa kwenye leseni iliyotundikwa ukutani, na mwenyewe hakuwa na haja ya kulisoma. Mtaa mzima ulimwita Sogea. Mtu akipiga picha za harusi tangu nywele zake ziko nyeusi mpaka zilipoamua kuhama kabisa, neno moja humkaa mdomoni kuliko hata meno. Sogea kidogo. Sogea kwake, bwana harusi, huyo si trafiki. Sogea na wewe mama, mguu wako unatokea kwenye picha. Ilisemekana hata usingizini alikuwa akimwambia mkewe asogee, na mkewe, bila kuamka, alikuwa akimjibu asogee yeye.

Alasiri ya Jumamosi hiyo Sogea alikuwa amechoka ule uchovu usioondoka kwa chai. Goti lake la kulia lililia kila alipoinama, na alipoinuka lililia tena kwa sauti nyingine. Asubuhi alikuwa na maharusi waliobusiana mpaka yeye ndiye aliyeona aibu. Wakafuata wengine waliogombania viatu, wakapigwa picha wamenuna, wakatoka wamenuna. Studio yenyewe, chumba kimoja kirefu kilichotazama barabara, ilikuwa imehifadhi joto la watu wote hao. Feni ya darini ilizunguka kwa kufikiria, kama mzee anayetafuta miwani yake.

Mwisho wa chumba lilining'inia pazia jeupe kwenye bomba. Kando yake ilisimama taa. Si hizi za kisasa, nyepesi kama ahadi. Hii ilikuwa taa ya mguu mmoja, bati lake pana kama sufuria la bweni, na ikiwashwa kwa muda ungeweza kuanikia soksi. Na nyuma ya kamera, karibu kabisa, ilikuwepo kaunta ambako mke wa Sogea alikaa akikata picha za pasipoti. Wateja walimwita Mama Mkasi. Alikuwa na uwezo wa kukata, kujibu simu, kumsikiliza mteja na kumsema mumewe kwa wakati mmoja, na picha zote zikatoka zimenyooka.

"Wamefika wengine," alisema Mama Mkasi.

"Waambie nimekufa."

"Waliweka nafasi tangu mwezi uliopita. Ukifa leo utakuwa umewakosea adabu."

Sogea akashusha pumzi, akajishusha na yeye mwenyewe ili akae. Mama Mkasi, bila kuacha kukata, aliisukuma stuli kwa mguu kutoka chini ya kaunta, ikamfikia mumewe wakati makalio yake yako njiani. Akakaa. Hakugeuka kutazama.

Waliingia watatu. Bibi harusi alikuwa mwanamke mzima, mwenye mikono ya kazi. Gauni lilimkaa vizuri, lakini alilishika kama mtu aliyeazimwa. Bwana harusi alikuwa mrefu na mkimya, na suruali ya suti yake ilipigwa pasi hivi kwamba ule mkunjo ungeweza kukata mkate. Na mbele ya wote, ingawa harusi haikuwa yake, alikuja mdogo wa bibi harusi.

"Shikamoo, Mzee Sogea! Unanikumbuka? Ulinipiga mwaka jana, ile nimebebwa."

"Marahaba. Nakukumbuka."

Angemsahau vipi? Mume wa huyu dada alimbeba mpaka kiuno kikamtoka, na picha ile ikakuzwa hadi ikaziba dirisha la sebuleni. Inasemekana tangu siku hiyo wanawasha taa mchana.

"Leo nimekuletea kazi ngumu, mzee wangu," aliendelea. "Hawa wawili ni watu wa kufulia, pale kwenye hoteli ya ghorofa. Wamekunja mashuka pamoja miaka na miaka, na mimi sijawahi kumwona shemeji akimshika dada yangu hata mkono. Hata kwa bahati mbaya! Mtu akipita sokoni tu anashikwa mara ngapi?"

"Mdogo wangu, acha," alisema bibi harusi.

"Siachi! Nimekwambia mbele yake na sasa nasema mbele ya mzee. Ipatikane picha moja tu inayoonyesha huyu bwana anakupenda, nafunga mdomo wangu mpaka wajukuu. Isipopatikana, basi tujue umeolewa na kabati."

Bwana harusi alitazama viatu vyake. Mdogo mtu akacheka, bibi harusi naye akacheka, lakini kicheko chake kilichelewa kidogo, kama mtu aliyesikia mzaha kutoka chumba cha pili. Mumewe alipotoka mlangoni kufuta vumbi la viatu, bibi harusi alimsogelea Sogea.

"Mzee," alisema chini chini, "hiyo picha moja, tuipate."

"Usimsikilize mdogo wako. Huyo mdomo wake ni cherehani ya umeme."

"Si kwa ajili yake." Akalinyoosha shela lililokuwa limenyooka tayari. "Na mimi nataka kuiona."

Sogea alikuwa na jibu la mzaha tayari mdomoni, lakini alipoyaona macho ya yule mwanamke akalimeza. Akainuka, goti likalia, kazi ikaanza.

Alikuwa na akiba ya mbinu, zote zimezeeka pamoja naye. Alimsimamisha bibi harusi upande wa taa, mwanga umpige usoni, na bwana harusi upande wa pili. Akaanza na ya paji kwa paji.

"Gusanisheni vipaji vya nyuso. Fungeni macho. Hivyo hivyo."

Wakagusanisha. Walionekana kama watu wawili wanaopimana homa.

"Haya, bwana harusi, mnong'oneze kitu sikioni. Chochote kile. Yeye atacheka, mimi napiga."

Bwana harusi aliinama, akanong'ona. Bibi harusi akaitikia kwa kichwa kwa umakini mkubwa, akaanza kupapasa bega la gauni lake.

"Umemwambia nini?" aliuliza Sogea.

"Kuna uzi umechomoza kwenye mshono."

Kwenye kaunta, mkasi ulisita kidogo. Mama Mkasi alikuwa akijikaza asicheke.

Sogea akaamuru mkono kiunoni. Bwana harusi akaweka mkono kiunoni kwa uangalifu wa mtu anayemsaidia jirani kuhamisha televisheni. Akaamuru watazamane. Wakatazamana, na kila mmoja akaona jambo la kurekebisha: tai ya huyu, hereni ya yule.

Hayo yote Sogea alikwisha kuyaona. Watu wa aibu ni wengi, na hulegea ukiwapa muda. Kilichomtia wazimu kilikuwa kingine. Kila alipomaliza kuwapanga, akarudi nyuma, akaweka jicho kwenye kamera, alikuta bwana harusi amehama. Alikuwa amezunguka nyuma ya mkewe na kusimama upande wa taa, kati yake na mwanga, na uso wa bibi harusi wote umeingia kivulini.

"Bwana harusi! Unamziba mwenzio. Sogea huku."

"Samahani, mzee." Akarudi.

Wakapangwa upya. Mkono hapa, kidevu pale. Sogea akarudi kwenye kamera, na mtu yuko upande wa taa.

"Sogea, baba! Taa yote unaila peke yako!"

"Samahani."

Mara ya tatu hata yeye bwana harusi alionekana kushangaa kujikuta pale, kama mtu aliyetumwa chumvi akafika dukani akakumbuka chumvi ipo.

"Dada, unaona?" alisema mdogo mtu. "Anakuziba. Hata kwenye picha ya harusi yako hataki uonekane!"

Ulikuwa utani. Lakini Sogea akaona kupitia lenzi jinsi uso wa bibi harusi ulivyobadilika. Haukununa, afadhali ungenuna. Ulitulia tu, kama mtu aliyekuwa anajumlisha kichwani na sasa amepata jibu.

Sogea akajishusha. Stuli ilikuwepo. Alikaa na kamera mapajani, akauona uchovu wake wote umemzunguka kama wageni wasioaga. Waliingia humu wakiwa wazima hawa, aliwaza. Wametoka kwao asubuhi, wameoana, wamekuja na uzi wao begani na mkunjo wao wa suruali. Mimi ndiye niliyewaweka chini ya taa na kumwonyesha huyu mwanamke, pozi baada ya pozi, kwamba mumewe hajui kumpenda. Na kila amri niliyotoa ilimfanya yule bwana awe kabati zaidi.

"Mzee amechoka," alisema mdogo mtu. "Basi ngoja nisaidie. Shemeji, mbebe!"

"Nani?"

"Nani tena? Mbebe mkeo! Mbona wangu alinibeba na ana mgongo mbovu?"

"Alikuwa hana mgongo mbovu kabla," alisema Mama Mkasi.

Lakini bibi harusi alikuwa amekwisha kugeuka kumtazama mumewe, na macho yake yalikuwa yanaomba. Bwana harusi akaliona lile ombi. Akapiga moyo konde, akainama, akamnyanyua. Kwa kweli alimnyanyua vizuri. Mtu anayebeba mafurushi ya mashuka yaliyolowa hashindwi na bibi harusi. Kilichoshindwa ni shela. Lilikuwa limenasa kwenye bomba la pazia, na alipomgeuza kuelekea kamera, bomba likatoka ukutani, pazia likashuka lote, likawafunika maharusi wote wawili kama fanicha ya nyumba iliyohamwa.

Taa ikayumba. Kutoka chini ya kitambaa ukatoka mkono mmoja mrefu, ukalidaka bati la taa, ukaisimamisha wima.

"Acha hiyo, itakuunguza!" alipiga kelele Sogea.

Mkono haukuwa na haraka. Ulihakikisha taa imetulia, ndipo ukaiachia. Bwana harusi akajifunua, akamshusha mkewe, akatazama vidole vyake. "Vimeshazoea, mzee," alisema.

Halafu likatokea jambo ambalo Sogea hakuliamuru. Pazia lilikuwa sakafuni, limejikunjakunja, na hawa walikuwa watu wa kufulia. Hawakuulizana. Kila mmoja aliinama, akashika pembe zake mbili, wakarudi nyuma mpaka kitambaa kikanyooka. Wakakikung'uta mara moja, kikalia kama kofi. Wakakunja katikati bila kutazama mikono yao, wakatembea kukutana, vidole vya mwanamke vikakabidhi pembe kwa vidole vya mwanamume, naye akateleza chini kudaka mkunjo mpya kabla haujagusa sakafu.

"Umeiona kola ya mjomba?" bibi harusi alimwuliza walipokutana.

"Niliiona. Nikanyamaza."

"Aliipiga pasi na nini, na kiganja?"

"Na kitako," alisema bwana harusi, uso mkavu kabisa.

Bibi harusi akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza kilichofika kwa wakati. Wakarudi nyuma, wakakutana tena, na pazia zima likawa kifurushi kidogo safi kama mkate.

Sogea alikuwa bado amekaa, kamera mapajani, mdomo wazi. Hakupiga hata moja.

"Rudieni!" aliruka juu, goti likapiga ukunga. "Hiyo hiyo! Kunjueni mkunje tena! Sogeeni hapa, tabasamuni..."

Wakarudia. Wakakunja kama askari wa gwaride wanaokunja bendera. Bwana harusi alijaribu kutabasamu, na ingekuwa afadhali asijaribu.

Mama Mkasi akaweka mkasi chini. Hilo lenyewe lilikuwa tukio. Akainama nyuma ya kaunta, akatoka akiburuta kapu, akaliachia katikati ya chumba. Ndani mlikuwa na mapazia yote ya studio: la bluu, la kijani, lenye mawingu ya kuchora, yote yameshindiliwa ovyo.

"Kama ni kukunja, wanangu, kunjeni na haya. Huyu mzee wangu anayavumbika kama ndizi."

Bibi harusi alichungulia ndani ya kapu na kutoa sauti ya mtu aliyeona jeraha. "Mzee! Ndivyo unavyoweka vitambaa?"

"Lile la bluu lina makunyanzi mpaka kwenye pindo," alisema bwana harusi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kukasirika.

Wakaisahau kamera, wakaingia kazini. Na hapo Sogea akafanya jambo gumu kuliko yote aliyoyafanya tangu aanze kazi: alichukua kamera mkononi, akajibana ukutani, na hakumwambia mtu asogee. Mdogo mtu alifungua mdomo, Mama Mkasi akamtazama, ukafungika.

Wakakung'uta la bluu. Wakakung'uta la mawingu. Wakasemezana kuhusu binamu aliyelala kanisani, kuhusu msimamizi wao wa zamu, kuhusu kiatu kinachombana bibi harusi. Sogea alipiga, akapiga. Na ndipo alipoliona tena lile lile. Kila walipochukua kitambaa kipya, bwana harusi alizunguka. Hata kama pembe zake zilikuwa upande wa dirisha, alimpita mkewe nyuma, akabadilishana naye, akasimama upande wa taa. Bibi harusi alimpisha bila kufikiri, kama unavyompisha mtu mlangoni.

Sogea alikuwa amechoka mno kuendelea kujiuliza, kwa hiyo akauliza. Hakupaza sauti.

"Bwana harusi. Mbona unaupenda sana upande huo?"

Bwana harusi aliangalia alikosimama, akaangalia taa. "Huku ndiko kwenye moto," alisema, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu miguuni.

"Moto gani?"

"Kwenye ile mashine ya kunyoosha," alieleza bibi harusi. "Shuka linatoka linachoma. Mmoja anashika ncha ya mbele anarudi nayo nyuma, inapoa njiani. Mwingine anabaki pale mashineni anapokea ncha ya mwisho, na hiyo ndiyo inayounguza. Wapya wote wanatoka malengelenge, vidole vyote..."

Akasita. Pazia la mawingu lilikuwa mikononi mwake, limekunjwa nusu.

"Mimi sijawahi kutoka malengelenge," alisema polepole.

Bwana harusi akapapasa kitambaa, akatafuta uzi wa kuondoa.

"Tangu nianze kazi pale sijawahi kusimama upande wa mashine. Hata siku moja. Nilidhani ni utaratibu."

"Ni utaratibu."

"Nani aliuweka?"

Kwenye kitambaa hakukuwa na uzi wowote. Alitafuta hata hivyo.

"Mimi," alisema.

Sogea akabonyeza. Alijua wakati anabonyeza kwamba kila kitu kimekosewa: bomba la pazia limelala sakafuni, kapu linaonekana, na bega la bwana harusi limeziba taa, kivuli chake chote kimemwangukia mkewe, kuanzia kwenye shela mpaka kwenye vidole.

Mdogo mtu ndiye aliyewahi kuinyakua kamera. Akatazama kile kioo kidogo cha nyuma, akakunja uso.

"Sasa hii ni picha gani? Watu wanafua siku ya harusi yao! Na dada yuko gizani..." Akaitazama tena. Sauti ikamshuka. "Dada, mbona uko hivi?"

Bibi harusi aliichukua, akaiangalia kwa muda mrefu.

"Ina kivuli," alikiri Sogea. "Tukitundika pazia upya, naweza kuwapiga nyingine yenye mwanga mzuri."

"Hapana, mzee. Hii hii. Na ukiisafisha, kivuli usikiguse." Akamgeukia mdogo wake. "Ulisema mpaka wajukuu."

"Nilisema wajukuu, sikusema wa nani. Bibi yetu je, si ana wajukuu tayari?" Lakini aliusema mzaha huo akitazama kando, akijifuta jicho kwa ncha ya shela la dada yake, na dada yake akamwacha.

Bwana harusi naye akaiangalia picha, akiinama juu ya bega la mkewe. "Pembe ya kushoto imepinda," alisema. Bibi harusi akamwambia ameiona.

Kapu lilikuwa tupu. Mapazia yote yalikaa juu ya kaunta, yamepangwa, na studio haikuwahi kuonekana hivyo tangu izaliwe. Sogea alihisi miguu yake imefika mwisho wa mkataba. Akajishusha pale pale alipokuwa, kando ya ukuta, na akakaa.

Bwana harusi alikuwa akimtazama. Mtu wa maneno machache huwa na nafasi ya kutazama.

"Mzee," alisema, "hiyo stuli ilikuwa kule ulikokuwa unapigia picha mwanzo."

"Kule wapi?"

"Kule. Sasa hivi umekaa hapa, na umekaa bila kuangalia nyuma."

Sogea alitazama kule, akatazama stuli aliyoikalia. Hakuona cha ajabu. "Hii stuli ndivyo ilivyo," alisema, akilisugua goti lake. "Haina makazi maalumu."

Bibi harusi alitazama kaunta. Mama Mkasi alikuwa amekwisha kurudi kwenye kiti chake, mguu mmoja bado umenyooka sakafuni, kisigino kikiwa nje ya kiatu. Aliurudisha mguu chini ya kaunta bila kuinua macho.

"Mwacheni, wanangu," alisema. "Amechoka."

Akachukua mkasi, akaendelea kukata.